Mara tatu au mara tano: kusuka riwaya ya taharuki ya nyumbani Mombasa

Kabla hujaandika sentensi ya kwanza, tafuta amana. Amana ni kitu alichoachiwa mtu amtunzie mwenzake: mtoto, ufunguo, hati ya nyumba, dhahabu ya harusi, siri ya uzazi. Riwaya ya taharuki ya kifamilia huanza kuuma pale msomaji anapojua kwamba amana imeguswa na mwenyewe bado hana habari. Ichague moja tu. Wanaoanza kuandika hubeba tatu kwa pamoja: mtoto amebadilishwa hospitalini, wosia umeghushiwa, na mume ana nyumba nyingine Mtwapa. Kufikia ukurasa wa 80 msomaji amechoka kushuku, na aliyechoka kushuku hufunga kitabu.

Hapa tutafanya kazi na mfano mmoja wa kubuni, kwa sababu nasaha zisizo na mfano hazishiki.

Januari 1998, Mji wa Kale. Salma amejifungua mtoto wa kiume, Fuad, akapata homa kali ya uzazi, akalazwa siku 9. Mtoto amerudishwa nyumbani, amekataa chupa. Mle ndani mna mfanyakazi, Mwanasha wa Majengo, mwenye mtoto wake wa miezi minne. Amemnyonyesha Fuad. Miaka 27 baadaye familia imehamia Nyali, mtaa wa wenye nacho, na Fuad ataka kumuoa Rukia, binti wa Mwanasha. Amana ni ule unyonyeshaji, na swali la riwaya nzima ni dogo kama punje: alinyonya mara ngapi?

Swali hili lina meno kwa sababu ya fiqhi, yaani sheria za dini ya Kiislamu. Waislamu wengi wa pwani ni wa madhehebu ya Shafi. Katika madhehebu hayo, mtoto aliyenyonya kwa mwanamke mara 5 zilizo mbalimbali kabla hajatimiza miaka 2 huwa mtoto wake wa kunyonya, na ndoa baina yake na watoto wa mwanamke huyo ni haramu. Zikiwa 3, hakuna kizuizi. Mtu wa madhehebu ya Hanafi atakwambia hata moja yatosha, nawe waweza kumweka mhusika wa namna hiyo barazani ili mjadala uchemke.

Waandishi huteleza hapa mara kwa mara. Kwanza, hudhani kizuizi ni cha yule mtoto aliyenyonya pamoja na Fuad peke yake. La: watoto wote wa Mwanasha, wa kabla na wa baada, huwa ndugu zake Fuad. Rukia alizaliwa 2002 na bado yumo. Ila mdogo wake Fuad, ambaye hakunyonya kwa Mwanasha, hazuiliki kumuoa Rukia. Hilo ni dokezo zuri la kumpoteza msomaji njia, usilitupe. Pili, hesabu yenyewe ina utata. Mtoto akiliachia ziwa mwenyewe kwa kushiba au kugeuka, kisha akarudi baadaye, hizo ni mbili. Akihamishwa kutoka ziwa moja hadi la pili papo hapo, ni moja. Kwa hivyo watu wawili walioona usiku uleule waweza kutoka na hesabu mbili na hakuna aliyesema uongo. Tatu, ushahidi. Unyonyeshaji huthibiti hata kwa wanawake 4 pasipo mwanamume. Mara moja umepata wahusika wako: wanawake wanne waliokuwamo nyumbani. Sura zinazogusa hukumu mpelekee mjuzi wa fiqhi azisome kabla ya mhariri. Kosa moja la hapo na msomaji wa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, hatakuamini tena hata ukimwambia bahari ina chumvi.

Tarehe ndiyo msumari

Kwa nini 1998? Mwezi wa Ramadhani uliangukia Januari mwaka huo, na mvua za El Niño zilikuwa bado zinabomoa barabara. Ramadhani hukupa daku. Saa kumi alfajiri, saa ambayo kwa kawaida yaya angekuwa peke yake na mtoto, wanawake wote wako macho, jiko linawaka, watu wanapita na sahani. Mashahidi wanne wamekusanyika bila ya wewe kuwaburuta. Ungekiweka kisa Agosti 1998 ungelazimika kuwaamsha kwa sababu ya kubuni, na msomaji angeiona kamba uliyowafungia.

Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, basi itafute tarehe kwenye kalenda wala usibahatishe. Mwezi wa Kiislamu hukupa na bahari pia: mwezi mwandamo na mwezi mpevu huja na bamvua, maji yakijaa na kupwa sana; tarehe saba na ishirini na mbili ni maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana. Ukiandika kwamba usiku wa kumi na tano maji yamekupwa saa kumi alfajiri, mvuvi yeyote wa Mombasa atakucheka, maana saa hiyo yamejaa.

Kosa jingine la saa ni kuchanganya saa ya Kiswahili na saa ya simu. Ujumbe wa M-Pesa ukisema 9:14 PM, mhusika atasema saa tatu na robo usiku. Rasimu nyingi huwa na mtu aliyetuma pesa saa tisa akaonekana dukani saa tatu, kumbe ni saa ileile. Andika nyakati zote kwenye daftari kwa mtindo mmoja, kisha uzigeuze unapoandika mazungumzo tu.

Kumbuka pia kwamba M-Pesa ilianza 2007. Kisa cha 1998 hakina ujumbe wala picha. Kina kumbukumbu za watu. Kisa cha sasa kina ushahidi hadi wa kumwaga. Tofauti hiyo itumie: upande mmoja wanawake wanabishana juu ya walichokiona mvua ikinyesha, upande wa pili kuna ujumbe wenye jina, kiasi, tarehe, saa na salio.

Tabaka lisiwe pambo

Rasimu nyingi huonyesha tajiri kwa gari na maskini kwa viatu vilivyochanika. Hayo hayazai taharuki. Tabaka lizae taharuki kwa kumfunga mtu ulimi. Mombasa ina hali moja iliyozoeleka: mtu ana nyumba, ukuta wake, bati lake, lakini kiwanja ni cha mwingine, na kila mwezi hulipa kodi ya kiwanja. Iweke nyumba ya Mwanasha ya Majengo juu ya kiwanja cha ukoo wa mumewe Salma. Sasa kila neno atakalosema kuhusu ule unyonyeshaji linapimwa kwa mizani ya paa lake.

Tazama maslahi yanavyopishana. Salma hataki kuwa mkwe wa nyumba ya aliyekuwa mfanyakazi wake, na hathubutu kulisema hilo. Hesabu ikiwa 5, ndoa inavunjika na mikono yake misafi. Dini ndiyo imesema. Mwanasha angependa bintiye apande, kwa hivyo yeye ndiye wa kusema 3. Hapo msomaji hamwamini yeyote. Kisha, katikati ya kitabu, mpe Mwanasha neno lisilomfaa: aseme 5. Kwa nini mama avunje bahati ya mwanawe? Siku chache baadaye Rukia aiona simu ya mamake, na ndani yake shilingi 20,000 kutoka kwa wifi yake Salma, zimeingia usiku wa kuamkia siku aliyobadilisha kauli. Miaka yote pesa ilitoka Majengo kwenda Nyali, leo imerudi. Usieleze. Wacha Rukia aisome mara mbili, airudishe simu pale pale kwenye kitambaa cha meza.

Kuna jambo dogo linalobeba kitabu kizima: nani ana mazoea ya kuhesabu. Mwanasha huhesabu kila kitu, mitungi ya maji ya lita 20 inayoshushwa kwenye mkokoteni, sukari iliyobaki, siku za mshahara. Salma hahesabu, hajawahi kuhitaji. Lionyeshe hilo mapema, sura ya 2 na ya 4, kama tabia tu. Litakapokuja suala la tatu au tano, msomaji atajua mwenyewe ni nani ambaye kumbukumbu yake ina tarakimu.

Vipimo

Riwaya ya namna hii hukaa vyema kwenye maneno 60,000 hadi 80,000. Chukua 70,000: sura 35 za maneno 2,000, karibu kurasa 230 za kitabu cha kawaida. Ukiandika maneno 500 kwa siku, ni siku 140. Sura ndefu kupita maneno 3,000 hupoza. Fupi chini ya 1,000 zitumie mara mbili au tatu tu, pale roho inapokuwa juu.

Wasimulizi wawili, Salma na Mwanasha, wote kwa nafsi ya kwanza. Wa tatu huwa mzigo. Ugumu wa nafsi ya kwanza ni kwamba Mwanasha anajua jibu tangu ukurasa wa 1, na kumficha msomaji kile ambacho msimulizi anakifikiria kila siku ni udanganyifu wa rejareja. Suluhisho: mpe sababu ya kutokuwa na hakika. Alinyonyesha mara mbili anazozikumbuka wazi; usiku wa tatu mtoto alishtushwa na radi, akaliachia ziwa, akalia, akapakatwa na bibi yake, kisha akarudishwa. Je, ile ni moja au mbili? Na ule wa mwisho, alipokuwa nusu usingizini, mtoto yupi alikuwa kifuani, Fuad au wake? Sasa haifichi kweli. Anaitafuta pamoja nasi.

Chora jedwali. Safu za kulala ziwe sura 35, za kusimama ziwe Salma, Mwanasha, Bi Time ambaye ni mavyaa yake Salma, yaani mama wa mumewe, Rukia, Fuad, na ya mwisho msomaji. Kila kisanduku kiandikwe ni nini anachojua mtu huyo mwisho wa sura ile. Safu ya msomaji ikilingana na ya Salma kwa sura nne mfululizo, taharuki imekufa hapo. Mwongezee msomaji jambo moja au mpunguzie Salma moja. Jedwali hili huchosha kulichora, na ndilo linalookoa rasimu nyingi kuliko ufundi wowote wa lugha.

Madokezo makubwa yasizidi saba, na kila moja lionekane mara tatu: kwanza kama kitu cha nyumbani, pili ndani ya ugomvi mdogo, tatu kama ushahidi. Kwa mfano kanga. Sura ya 3 ni kanga kuukuu ambayo Salma anakataa kuitupa. Sura ya 14 wifi yake anaidai ni yake. Sura ya 27 tunajua ilifunikiwa watoto wawili usiku mmoja.

Midomo ya watu

Lugha ifanye kazi ya upelelezi. Bi Time ni wa Mvita, Mombasa ya asili, husema “yuwaja” na “mie nalikuwa”. Fuad, aliyesomea Nairobi, husema “anakuja”. Usijaze lahaja kila mstari. Maneno mawili kwa ukurasa yanatosha kumtambulisha mtu.

Kuitana ndiko kunakobeba tabaka. Kwa kurasa 150 Mwanasha amwite mwenzake “Bi Salma”, naye Salma amwite “Mwanasha” kavu, ingawa Salma ndiye mdogo kwa umri. Kisha:

“Karibu, Mama Rukia. Kaa hapa juu.”

Mwanasha aliangalia kiti. Miaka yote alikuwa akikipangusa.

“Nataka kukuuliza jambo, na Mama naye asikie.”

“Mie nalikuwa jikoni,” alisema Bi Time, kabla hajaulizwa.

Msomaji ameshtuka mara mbili: kwa lile “Mama Rukia”, na kwa bikizee aliyejibu swali lisilotoka bado. Hakuna kisu wala kelele. Ukiongeza sentensi ya kueleza kwamba Bi Time alionekana ana wasiwasi, umeharibu.

Feri ya Likoni itumie mara moja ikibidi. Kuchelewa kwa feri ni sababu rahisi mno ya mtu kutofika, na kila mwandishi wa Mombasa ameshaifikiria. Hali kadhalika stima kupotea dakika ileile ukweli unapotaka kutoka.

Mahakama ya Kadhi isiwe uganga wa kumaliza kitabu. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, huipa mamlaka juu ya ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa nayo. Lile neno “wamekubali” ndilo lenye sura ndani yake: nani anakataa kwenda, na kwa nini? Kati ya wale wanawake wanne, mmoja amekwisha kufa, mmoja yuko Muscat na hapokei simu. Waliobaki ni wawili, na kila mmoja ana mtoto anayemtetea.

Rasimu ikikamilika, iache wiki tatu. Kisha wape wasomaji sita wanaoijua pwani, watatu wao wakiwa akina mama, wasome hadi mwisho wa sura ya 28 tu. Uliza swali moja: Fuad alinyonya mara ngapi? Wakigawanyika nusu kwa nusu, endelea. Wakisema wote tano, rudi sura ya 9 ukampunguzie Bi Time maneno. Wakikuuliza Fuad ni nani, anza kwenye jedwali.