SOMO: Sambar ya Kitamil nyumbani, kwa dali ya mbaazi, mboga na ukwaju

Kila nikiweka picha ya sambar napata maswali yale yale: "Mbona dali yangu imegoma kuiva?" "Mbona imekuwa kali na chungu?" "Nitumie bizari ya pilau?" Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka. Naandika hapa mara moja, na atakayeniuliza tena faragha nitamwelekeza huku.

Kwa asiyeijua: sambar ni mchuzi wa dali na mboga unaoliwa karibu kila siku kusini mwa India, kwenye majimbo ya Tamil Nadu, Karnataka, Kerala na Andhra Pradesh. Asubuhi huliwa na idli (vikate vya mvuke), dosa (chapati nyembamba) au vada (bajia za dali), mchana humwagiwa juu ya wali. Mimi nilifundishwa na mama mwenye nyumba wangu nilipokuwa nasoma Coimbatore, huko Tamil Nadu, kwa hiyo hii ni ya Kitamil, ya nyumbani, ya kulia wali. Inatosha watu wanne au watano.

Vitu vya kuwa navyo

Dali ya mbaazi kikombe 1. Hizi ni mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa, za rangi ya njano. Kwenye maduka ya Wahindi ulizia tuvar. Ukwaju wa kiasi cha ndimu ndogo. Mboga zilizokatwa vikombe 3: maganda mabichi ya mlonge, bilinganya, boga, karoti, figili au bamia, chagua mbili au tatu tu. Vitunguu vidogo vizima kama kumi, nyanya 1, manjano, chumvi, sukari guru kidogo.

Bizari ya sambar: mbegu kavu za giligilani nusu kikombe, pilipili nyekundu kavu ndefu 10 hadi 12, dengu zilizopasuliwa vijiko 2 vya chakula, binzari nyembamba kijiko 1 cha chakula, pilipili manga kijiko 1 cha chai, uwatu kijiko 1 cha chai, majani ya mchuzi konzi moja.

Ya kuungia mwisho: mafuta ya ufuta au samli vijiko 2 vya chakula, haradali nyeusi kijiko 1 cha chai, pilipili kavu 2, majani ya mchuzi, na hingi, yaani mvuje, robo kijiko cha chai.

Hatua ya 1: Dali. Osha hadi maji yawe safi. Ukinunua ile iliyopakwa mafuta, ioshe kwa maji ya moto. Loweka nusu saa, kisha chemsha na vikombe 3 vya maji, manjano kidogo na tone la mafuta la kuzuia povu. Kwenye presha kuka ni filimbi nne au tano, na usijaze zaidi ya nusu, maana povu la dali huziba tundu la mvuke. Kwenye sufuria ya kawaida ni dakika 45 hadi saa nzima, na maji ya moto ya kuongeza yawe karibu. Ikiiva, iponde kwa mwiko hadi punje zisionekane.

Hatua ya 2: Ukwaju. Loweka kwenye kikombe kimoja na nusu cha maji ya moto, kamua, chuja.

Hatua ya 3: Bizari. Kaanga kila kitu peke yake, bila mafuta, moto mdogo. Giligilani hadi inukie, dengu hadi ziwe za rangi ya dhahabu, pilipili hadi zikauke na kuvunjika. Uwatu unataka macho yako yote: ukianza kubadilika rangi tu, ondoa, kwa sababu ukiwa wa kahawia mzito uchungu wake hauondolewi na sukari wala nazi. Acha vipoe kabisa, saga, usilainishe sana. Utatumia vijiko 2 vya chakula, vingine weka kwenye chupa kavu.

Pilipili nazo: huko Karnataka hutumia ya Byadgi, ndefu, imekunjamana, ina rangi nyingi na ukali mdogo. Usihesabu 10 za pilipili kichaa ukadhani ni sawa. Kama za kwako ni kali, tumia nne, rangi utaipata kwenye nyanya.

Hatua ya 4: Mboga. Kwenye sufuria pana kaanga vitunguu vizima kwa mafuta kidogo, tia nyanya, kisha mboga ngumu, chumvi, manjano na maji ya kuzifunika. Chemsha hadi ziive nusu. Bilinganya iingie mwisho. Bamia zikaangwe kwanza pembeni hadi ute ukauke.

Hatua ya 5: Ukwaju na bizari kuingia sufuriani. Hapa ndipo sambar nyingi huharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukali wa ukwaju huzuia dali na mboga kulainika. Ukitia maji ya ukwaju pamoja na dali mbichi, utachemsha hadi gesi iishe na punje zitabaki ngumu katikati. Karoti na boga ni vivyo hivyo: kilichokuwa kigumu wakati ukwaju unaingia kitachukua muda mrefu sana kuiva. Ndiyo maana dali inapikwa peke yake, na mboga zinapata nafasi yao kabla.

Mboga zikiwa nusu, mimina ukwaju, tia vijiko 2 vya bizari na kipande cha sukari guru, kisha acha ichemke bila mfuniko dakika 8 hadi 10. Dakika hizo usizipunguze. Ukwaju ambao haujachemka una harufu mbichi inayokwama puani, na bizari isiyoiva huacha vumbi ulimini. Watamil wanajua imefika kwa kunusa: harufu mbichi ikitoka, mchuzi unanukia kitu kimoja, si ukwaju huku na giligilani kule. Usitie dali kabla ya hapo. Dali ni nzito, hushika chini, na ikishaingia huwezi tena kuchemsha kwa nguvu bila kuunguza.

Tahadhari mbili. Usitumie sufuria ya alumini isiyo na mipako kwa hatua hii, ukwaju huila na mchuzi unapata ladha ya chuma. Na ukwaju wa pakiti uliosagwa ni mkali kuliko wa kulowekwa. Anza na kijiko kimoja cha chai, onja, ongeza.

Hatua ya 6. Tia dali iliyopondwa, koroga, moto mdogo dakika 5.

Hatua ya 7: Kuunga. Pasha mafuta kwenye kikaango kidogo. Tia haradali na usubiri ipasuke yote, maana isiyopasuka ni chungu. Zima moto, halafu ndiyo uingize pilipili, majani ya mchuzi yaliyokaushwa maji, na hingi. Hesabu hadi tano, mimina juu ya sambar, funika dakika kumi.

Maswali yaulizwe hapa chini. Soma kwanza.

---

jiko_la_leo: Sikuwa na ukwaju nikaweka ndimu, na dali sikuwa nayo nikatumia maharage. Haijatoka kama picha. Tatizo nini?

Mwandishi: Ulichopika si sambar. Dali ya mbaazi na ukwaju ndivyo vinavyoifanya iwe sambar. Vipate hivyo viwili kwanza, ndipo turudi kwenye hatua.

jiko_la_leo: Si ungesema tu hivyo tangu mwanzo.

Mwandishi: Nimesema. Viko vya kwanza kabisa kwenye orodha.

Mkulima wa Babati: Dada, shikamoo na hongera kwa somo. Huku mbaazi tunazo magunia, lakini nzima, na maganda yake. Naweza kupata hiyo dali mwenyewe, au lazima ninunue dukani?

Mwandishi: Marahaba kaka, unaweza. Loweka mbaazi kavu usiku kucha, zianike juani hadi zikauke kabisa na ganda liachie, kisha zivunje kwenye jiwe la kusagia bila kuzikandamiza sana na upepete kwa ungo. Vijiji vingi vya India vimefanya hivi miaka yote, wengine huzichanganya na udongo mwekundu kabla ya kuanika, ganda litoke vizuri. Zitavunjika kidogo, hazitang'aa kama za kiwandani, lakini ladha ni ile ile. Usipotaka kazi hiyo, chemsha mbaazi nzima hadi zilegee sana, ziponde na uzipitishe kwenye chujio. Mchuzi utakuwa mweusi kidogo.

Na nikwambie, dali tunayoinunua kwa bei kwenye pakiti mara nyingi ni mbaazi za huku kwetu zilizosafiri. India ndiyo mlimaji na mlaji mkubwa wa mbaazi duniani, na bado hununua Tanzania, Msumbiji na Malawi. Mwaka 2017 serikali yao ilipoweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi za kutoka nje, wewe wa Babati unajua bei ilivyoanguka. Ndiyo maana napenda sana mtu wa Manyara au Lindi ajifunze kuzila kwa njia nyingi.

Mkulima wa Babati: Tunakumbuka vizuri mno. Nitajaribu ya jiwe, nitaleta picha.

Mwandishi: Nazisubiri. Chagua mbaazi za msimu huu. Zilizokaa ghalani muda mrefu hazilainiki hata uzichemshe vipi.

Msafiri_TZ: Naweza kutia magadi dali iive haraka?

Mwandishi: Ninakushauri usitie. Zitaiva haraka kweli, lakini zitapata ladha ya sabuni na sehemu ya vitamini B1 itapotea. Kama maji ya kwenu ni ya chumvichumvi na dali inagoma, pikia maji ya mvua.

binti_kariakoo: Dali inachukua muda gani bila presha kuka?

Mwandishi: Hatua ya 1.

Nasra wa Kibokoni: Da, sisi mbaazi bila tui hatuli. Nikitia tui la nazi nitaharibu?

Mwandishi: Swali zuri Nasra, na hata wao wana nazi kwenye sambar, ila si tui. Kerala hukaanga nazi iliyokunwa pamoja na giligilani na pilipili hadi iwe ya kahawia, wakaisaga na maji kidogo, ndiyo inaingia badala ya bizari kavu. Harufu yake itakukumbusha nazi ya kuchoma. Udupi, upande wa Karnataka, huisaga nazi mbichi pamoja na viungo vilivyokaangwa na kuongeza sukari guru, kwa hiyo ni tamu kidogo, na katika mapishi ya hekaluni hawatii kitunguu wala saumu. Hingi ndiyo inayobeba kazi hiyo. Wana bilinganya zao za kijani za kijiji cha Mattu wanazozithamini sana kwa sambar hiyo. Anza na ya Kerala: nazi nusu kikombe, iingie pamoja na dali, usiichemshe sana baada ya hapo. Tui litafunika ukwaju, na ukwaju ndio unaotakiwa usikike.

Nasra wa Kibokoni: Shukran sana. Na maganda ya mlonge yanaliwaje? Mwanangu aliyatafuna yote akakwama.

Mwandishi: Pole yake. Kata vipande urefu wa kidole, menya nyuzi za nje kidogo tu. Mezani unakipasua kwa meno, unakwangua nyama laini na mbegu za ndani, kamba zinatemwa pembeni ya sahani. Wasile watoto wadogo peke yao. Uchume maganda mabichi yanayokunjika bila kuvunjika. Yakishakomaa ni kuni. Inaniuma kuona miti ya mlonge imejaa mitaani, watu wanachuma majani ya dawa na maganda yanakaukia juu.

Mzoefu wa Chennai: Nimekaa Chennai, huko huko Tamil Nadu. Sambar ya huko hotelini ni tamu, nzito, ina boga limeyeyuka ndani. Hii yako siyo.

Mwandishi: Ya hotelini ya kulia idli ni nyingine, na somo limesema tangu juu kwamba hii ni ya wali. Wengi wa hotelini huchanganya dali ya choroko, huponda boga ndani, huzidisha nyanya na vitunguu, na sukari guru huwa nyingi. Ukiijua vizuri, iandike, nami nitakuwa wa kwanza kuipika.

Mzoefu wa Chennai: Sawa, sikusoma hapo. Kwa wanaotaka hiyo: nusu dali ya choroko, nusu ya mbaazi, na boga liive mpaka lipotee.

Mwandishi: Asante. Hilo la nusu kwa nusu ni zuri, watu walichukue.

daktari_wa_mimea: Nyongeza kwa wasioruhusiwa ngano: hingi nyingi za kopo huchanganywa na unga wa ngano. Soma lebo.

Mwandishi: Kweli kabisa, na nilipaswa kuliandika juu. Ipo iliyochanganywa na unga wa mchele, na ipo ya donge tupu, ila hiyo ni kali mno, chembe ya ukubwa wa punje ya mchele inatosha sufuria nzima.

Msafiri_TZ: Ikibaki inakuwa uji mzito. Naongeza maji?

Mwandishi: Ya moto, kidogo kidogo, chumvi uionje upya, kisha uiunge tena na haradali na majani machache. Friji siku mbili. Kama ulitia viazi, viondoe kabla ya kuigandisha.

Bi Mkubwa wa Ngamiani: Mwanangu, dali yangu ikiiva juu hubaki maji mepesi. Namwaga?

Mwandishi: Shikamoo bibi. Usiyamwage hata kidogo, hayo ndiyo ya kupikia rasam, mchuzi mwepesi wa ukwaju na pilipili manga. Saga pilipili manga na binzari nyembamba kijiko kimoja cha chai kila moja, chemsha na nyanya mbili na ukwaju kidogo hadi harufu mbichi itoke, ongeza maji hayo ya dali, na povu likianza kupanda tu epua, lisichemke. Unga kwa samli, haradali na majani ya mchuzi, nyunyiza kotmiri. Ni ya kunywa kwa kikombe ukiwa na mafua.