Jinsi ya kukusanya tokeni za zamani za madaraja na kujua bei yake halisi

Ukiwa Marekani au Kanada na unapenda kupekua maboksi ya sarafu mchanganyiko kwenye minada na masoko ya mitumba, lazima utakutana na visarafu ambavyo sio hela, vimeandikwa jina la daraja tu. Hizo ni tokeni za tozo, yaani za kulipia kuvuka daraja. Dereva alikuwa ananunua pakiti nzima ya tokeni kwa bei ya punguzo, akifika getini anatupia moja kwenye kikapu cha mashine anapita. Siku hizi vifaa vya kulipia tozo vya kubandika kwenye kioo cha gari vimeziua karibu zote.

Kabla hujauliza bei, jua kwanza ni ya wapi na ni toleo gani, wengi wanakimbilia bei na ndo hapo wanapopigwa. Soma pande zote mbili kwa lenzi, andika maneno yote hata yale madogo ya pembeni, pima upana kwa milimita, pima uzito kwa mizani ndogo ya gramu kama ile ya masonara, angalia rangi ya chuma, na kama ina tundu angalia tundu lina shepu gani. Usione ni usumbufu, maana daraja moja linaweza kuwa na matoleo yanayofanana kabisa kwa macho, moja limejaa kila kona na lingine unalitafuta mpaka unachoka.

Wakusanyaji wanatumia katalogi inaitwa Atwood-Coffee, ya chama cha American Vecturist Association kilichoanza 1948. Humo tokeni ina kifupi cha jimbo, namba ya mji halafu herufi ya toleo, mfano za jiji la New York zinaanza na NY 630. Ukiwa na hiyo namba muuzaji hakuzungushi, unaitafuta kwenye soko la mtandaoni la eBay, kwenye bidhaa zilizokwisha uzwa, sio zile zinazotangazwa, kwa sababu kutangaza mtu anaweza kuweka bei yoyote anayoota.

Na bei yenyewe usitegemee utajiri, nyingi ni dola moja mbili. Umri peke yake haupandishi bei na umaarufu pia haupandishi. Chukua tokeni za barabara ya Connecticut Turnpike, sio za daraja ila ni mfano mzuri sana: miaka ya 80 mwanzoni zilikuwa zinauzwa senti 17.5, watu wakagundua zinaingia kwenye mashine za treni za chini ya ardhi za New York ambako nauli ilikuwa senti 75, ukawa ugomvi mkubwa kati ya jimbo la Connecticut na New York mpaka tozo za Connecticut zilipofutwa 1985. Habari tamu hiyo, lakini tokeni zenyewe ni za bei ya chini kwa sababu zilitengenezwa nyingi mno. Kinachopandisha bei ni uchache, yaani daraja dogo, kampuni iliyokufa mapema, au toleo ambalo lilirudishwa likayeyushwa.

Hali yake nayo inahesabika. Mikwaruzo ya kikapu ni kawaida, isikutishe, ila usisafishe! Ndimu, majivu, dawa ya kung'arishia shaba, vyote vinaondoa rangi ya umri na mkusanyaji anaona mara moja. Vumbi likizidi tumia maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kausha kwa kugusisha kitambaa bila kusugua. Na vifuko vya plastiki laini ya PVC viepuke kabisa, baada ya muda vinatoa utando wa kijani unaokula chuma, nunua vya Mylar, plastiki isiyo na PVC.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni uchague eneo moja ulimalize. Halifax kule Kanada kwa mfano kuna madaraja mawili, Macdonald la 1955 na MacKay la 1970, tozo zake zimefutwa Machi 2025, kwa hiyo muulize mwenyeji yeyote wa pale afungue droo ya jikoni na kile kikasha cha kwenye gari, kwa sababu tokeni zake hazina tena mahali pa kutumika na wengi watakupa bure.