Kusuka transfoma ya inveta ya kulehemu kwa pete ya nanokristali

Mwongozo huu ni wa fundi ambaye tayari anasuka transfoma za feriti na anataka kuhamia kwenye nanokristali. Mfano wetu ni transfoma kuu ya mashine ya kulehemu ya ampea 160. Umeme wa volti 230 ukishageuzwa kuwa DC unafika volti 325 hivi, unaingia kwenye daraja la transista nne zinazowaka na kuzima kwa kHz 20. Kapasita za DC hiyo zinaua hata mashine ikiwa imechomolewa. Zipime kwanza, ndipo uguse.

Hatua ya 1: Ijue pete yako

Nanokristali ni aloi ya chuma iliyotangazwa mwaka 1988 na Yoshizawa na wenzake wa Hitachi Metals, Japani. Sehemu kubwa ni chuma, pamoja na silikoni, boroni, na kiasi kidogo cha niobi na shaba. Ikiwa imeyeyuka humwagwa juu ya gurudumu baridi linalozunguka kwa kasi, ikaganda kuwa utepe wa unene wa maikromita 20 hivi kabla fuwele hazijapata nafasi ya kujipanga. Utepe huviringishwa kuwa pete, kisha pete hupashwa moto wa karibu nyuzi 550 za Selsiasi. Hapo shaba huwa mbegu ya fuwele nyingi, na niobi huzizuia zisikue kupita nanomita 10 hadi 15. Kwa udogo huo, mivuto ya fuwele moja moja hufutana, na sumaku hugeuka karibu bila kizuizi. Wembamba wa utepe nao hubana mikondo inayozunguka ndani ya chuma na kukipasha moto.

Faida kwa fundi: nanokristali hushiba (hufikia kikomo cha sumaku inayoweza kubeba) kwenye tesla 1.2 hivi, wakati feriti ya kawaida ikiwa na joto la nyuzi 100 haifiki hata 0.45. Hasara: baada ya kupashwa moto utepe huvunjika kama kioo, kwa hiyo usiitoe pete kwenye kasha lake wala kuibana.

Hatua ya 2: Hakikisha ni yenyewe

Nachukua pete yenye kipenyo cha nje cha mm 80, cha ndani mm 50 na kimo cha mm 25, vipimo vya chuma bila kasha. Eneo ni 15 × 25 = mm² 375, lakini kati ya tabaka za utepe kuna nafasi, kwa hiyo zidisha kwa 0.75: mm² 281.

Zungusha waya wowote mara 10, upime kwa mita ya LCR (inayopima henri za koili) kwenye kHz 1. Pete ya daraja la 30,000 (namba ya jinsi kiini kinavyopitisha sumaku kwa urahisi) itakupa milihenri 5 hivi. Ukipata milihenri 0.5 hivi, hiyo ni feriti. Ukipata makumi ya maikrohenri, umeuziwa unga wa chuma, irudishe.

Hatua ya 3: Mizunguko

Mizunguko = volti ÷ (4 × masafa × tesla × eneo kwa m²)

Natumia tesla 0.5: 325 ÷ (4 × 20,000 × 0.5 × 0.000281) = 29. Feriti ya eneo hilohilo kwa tesla 0.2 ingedai mizunguko 72. Upande wa pili weka 6 + 6 (koili mbili za mizunguko 6), kila moja upate volti 67 hivi kabla ya kulehemu.

Hatua ya 4: Waya

Kwa kHz 20 umeme hupita kwenye ngozi ya shaba, kina cha mm 0.47 tu. Suka nyuzi 22 za mm 0.5 pamoja kwa upande wa kwanza. Upande wa pili tumia bapa jembamba la shaba. Tenganisha pande hizo mbili kwa tepu ya kuhimili joto, tabaka kadhaa, bila kubania.

Hatua ya 5: Izuie DC

Hapa ndipo transista nyingi huungulia. Pete isiyo na mwanya (pengo lililokatwa kwenye kiini) hushibishwa na DC ndogo mno. Piga hesabu: kwa daraja la 30,000 na mizunguko 29, ampea 0.22 za DC zinatosha kuijaza kabisa, na ukiwa tayari unatumia tesla 0.5, ampea 0.13 tu. Transista moja ikichelewa kuzima kidogo kuliko mwenzake, DC hiyo umeshaitengeneza. Pete ya daraja la 80,000 ni mbaya zaidi kwa kazi hii, ingawa wauzaji huisifia.

Dawa ni kapasita ya filamu ya polipropilini, maikrofaradi 10, iliyofungwa mfululizo na koili ya kwanza. Wakati wa kulehemu koili hiyo hubeba ampea 33 kwa kila pigo, kwa hiyo unganisha kapasita kadhaa sambamba zigawane mzigo. Volti juu yake itapanda na kushuka kwa 37 hivi, na hilo ni sawa.

Kwa sababu hiyohiyo, usitumie pete hii kwa koili ya kulainisha DC ya kutokea. Pale panahitaji kiini chenye mwanya.

Hatua ya 6: Washa taratibu

Funga balbu ya wati 100 mfululizo na umeme unaoingia, bila mzigo, na upandishe volti kidogo kidogo huku ukitazama mkondo wa koili ya kwanza kwenye oskiloskopu. Unataka pembetatu ndogo iliyonyooka. Ukiona ncha inachongoka mwishoni mwa pigo kwa upande mmoja tu, kagua saketi inayoamrisha transista. Ikichongoka pande zote mbili, mizunguko haitoshi au masafa yameshuka chini ya kHz 20.