Namna ya kulinganisha ukuaji wa mapato ya kaunti za Kenya

Tumia ripoti za mwaka mzima za Msimamizi wa Bajeti, usitumie za robo mwaka. Kati ya Januari na Machi ndipo leseni za biashara na kodi ya ardhi hulipwa kwa wingi, kwa hiyo robo hiyo hufura kila mwaka. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mwaka kamili wa kwanza wa ugatuzi ni 2013/14.

Nakili mapato ya ndani peke yake: leseni, maegesho, kodi ya ardhi, ushuru wa mazao, ada za mbuga. Mgao wa serikali kuu uweke kando. Ulipanda kutoka bilioni 316.5 hadi bilioni 370 mwaka 2021/22, lakini hilo halikutokana na bidii ya kaunti yoyote katika kukusanya. Nakili pia pesa zilizokusanywa, si lengo. Malengo mengi huwekwa juu mno ili bajeti ikubali kusawazika.

Kisha kagua pesa za hospitali, maana hapa ndipo wengi hupotea. Sheria ya mwaka 2023 iliruhusu vituo vya afya kubaki na makusanyo yao. Ukizijumlisha mwaka mmoja na kuziacha mwingine, kaunti itaonekana imeanguka au imeruka ilhali walipaji ni wale wale. Ziondoe miaka yote, au zijumlishe miaka yote.

Sasa piga hesabu. Tuseme kaunti ilikusanya milioni 400 mwaka 2013/14 na milioni 800 mwaka 2023/24. Kwenye Excel, kiasi cha mwanzo kikiwa A2 na cha mwisho B2, andika =(B2/A2)^(1/10)-1. Utapata asilimia 7.2 kwa mwaka. Vipindi ni 10, si 11. Kama bei zilipanda kwa asilimia 80 katika muda huo, gawa 800 kwa 1.8: zinabaki milioni 444, na ukuaji halisi ni kama asilimia 1.1 tu.

Usianzie mwaka mbovu. Narok hutegemea sana viingilio vya Maasai Mara. Ukianzia 2020/21, watalii walipokosekana kwa sababu ya korona, utasifu ukuaji ambao ni kurudi palepale. Msamaha wa riba ya kodi ya ardhi nao huinua mwaka mmoja kwa malimbikizo ya zamani.

Mwisho, andika shilingi kando ya asilimia. Tana River ikiongeza milioni 40 asilimia hupaa. Nairobi, inayokusanya mabilioni, haitikisiki kwa kiasi hicho.