Ngazija siku sita: anza na mlima, bahari itakusubiri

Sisi wa Dar ukitutajia likizo ya kisiwani tunawaza Unguja, tukijitahidi sana tunafika Mafia, kumbe Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, iko hapohapo jirani, ndege ni saa moja na ushee unatua Hahaya, na ukitoka tu uwanjani unakutana na mawe meusi pande zote za barabara mpaka baharini. Hiyo ni lava. Kisiwa chote kimezaliwa na volkano na bado mlima uko hai, kwa hiyo usikipange kama unavyopanga Nungwi, yaani ufukwe asubuhi ufukwe jioni, utakuwa umekiacha kisiwa chenyewe hujakiona.

Mi nimeenda mara mbili. Mara ya kwanza niliweka mlima siku ya mwisho, nikasema ngoja nipumzike kwanza, siku ilipofika mvua na mawingu vikashuka mpaka kwenye migomba, nikapanda ndege kurudi bila kuuona, iliniuma sana. Kwa hiyo ushauri wangu namba moja: mlima wenyewe, Karthala, uupande siku ya pili au ya tatu, ili hali ya hewa ikigoma uwe na siku za akiba.

Muda wa kwenda ni Mei mpaka Oktoba, kipindi cha kusi, kukavu na jua zuri lisilochoma kupita kiasi. Kuanzia Novemba mvua nyingi na mlima unateleza. Julai na Agosti ndo msimu wa harusi kubwa, wanaita anda, Wangazija wanaoishi Ufaransa wanarudi kwa wingi na sehemu za kulala zinajaa, hivyo buku mapema, lakini kama unaweza kwenda kipindi hicho nenda, ngoma zinapigwa barabarani wazi kabisa na wanawake wamejipaka msindzano usoni, ile liwa yetu ya sandali.

Viza unapewa palepale uwanjani. Beba euro kesh, na ziwe noti ndogondogo, faranga ya Komoro imefungwa kwenye euro, moja ni kama faranga 492 siku zote, hivyo hesabu haikusumbui. ATM ni chache na usiitegemee kadi ukishatoka Moroni, mji mkuu.

Lugha sasa. Kingazija si Kiswahili ila ni ndugu wa karibu mno, utakuwa unashika neno moja moja halafu ghafla sentensi nzima, na wazee wengi wana ndugu Zanzibar kwa hiyo Kiswahili wanakijua vizuri. Mzee mwamkie "kwezi", atakujibu "mbona", usishtuke hajakuuliza kitu. Na huko "marahaba" ni asante! Ukipewa chai sema marahaba, ukimwamkia mzee shikamoo kwa mazoea anaweza akakuangalia tu.

Haya, Karthala. Mita 2,361, na juu sio kilele kilichochongoka, ni bonde kubwa la kilomita kadhaa lililobonyea, ndani yake kuna shimo jingine refu lenye kuta zilizosimama wima. Wapo wanaopanda na kushuka siku moja, wanaanza usiku wa manane, mi siwashauri, chukua siku mbili ulale juu kwenye hema. Tafuta mwongozaji Moroni, aliyewahi kupanda kweli, umuulize njia anayopita, njia mojawapo inaanzia Boboni, unakata msitu mnene wenye miti iliyojaa ukungu na ndege ambao hawapo popote duniani isipokuwa mlima huu, halafu miti inapungua, vinabaki vichaka, halafu unajikuta unatembea kwenye majivu na changarawe nyeusi na kimya cha ajabu. Mi nilifika ukingoni jua linachomoza na nilikaa kimya muda mrefu sijui nianze kumwambia nani.

Vitu vya kubeba: maji, maji, maji. Angalau lita tano kila mtu kwa siku mbili maana juu hakuna chemchemi. Koti zito, usiku baridi kali kweli, usidanganywe na joto la Moroni. Viatu vya kufunga vyenye soli ngumu, lava ni kama vioo vilivyovunjika. Na kabla hujapanda uliza hali ya volkano ikoje, mlima huu ulilipuka 2005 mara mbili, ule wa Novemba majivu yaliingia kwenye matangi ya maji ya watu vijijini, na ukafuatia tena 2006 na 2007. Wenyeji wakikwambia leo usiende, usiende.

Hapo kwenye matangi ndo nataka uelewe kitu. Ngazija haina mito. Mvua inanyesha nyingi tu lakini jiwe la volkano lina vitundu, maji yanazama yote chini, kwa hiyo kila nyumba utaona birika la kukinga mvua. Ukiwa mgeni wa mtu usioge kama uko hotelini, tumia ndoo moja, inatosha.

Siku ya kupumzisha miguu nenda kusini, Singani. Mwaka 1977 lava ilishuka ikakifunika kijiji, na mpaka leo unaona ule mto mweusi umeganda, watu wamejenga tena hapohapo pembeni. Njiani simama Iconi, mji wa zamani wa masultani, kuna jabali refu kando ya bahari ambapo mwanzoni mwa karne ya 19 wanawake walijirusha wasichukuliwe utumwani na wavamizi kutoka Madagaska. Pale usipige selfi za kucheka, watu wa Iconi bado wanalizungumza kwa uchungu.

Kuzunguka kaskazini kunataka siku nzima. Teksi za kuchangia zipo na ni rahisi ila utapoteza muda, bora mchange watu watatu mkodi gari na dereva, barabara zina mashimo kwa hiyo msiahidiane kuwahi. Anzeni Itsandra, mji alikozaliwa Sheikh Ahmad bin Sumayt mwaka 1861, yule aliyekuja kuwa kadhi wetu mkubwa Zanzibar. Kisha Mitsamiouli kwenye mchanga mweupe, ogeleeni hapo. Mbele kuna Ziwa la Chumvi, ni kreta, yaani mdomo wa volkano, iliyojaa maji, iko karibu kabisa na bahari na rangi yake inabadilika kadiri jua linavyosogea, ukisimama ukingoni unaona vyote viwili, ziwa huku bahari kule. Karibu na hapo kuna Mgongo wa Joka, miamba iliyopanga mstari kweli kama miiba ya mgongoni. Mkirudia pwani ya mashariki malizieni Chomoni, mchanga mweupe katikati ya lava nyeusi, kwangu hapo ndo pazuri kuliko kote. Vaa viatu vya maji, kuna nungu wa baharini, wale wenye miiba, kwenye mawe. Na nguo za kuogelea ziishie ufukweni, kijijini jisitiri, hii ni nchi ya Kiislamu na watu wanaangalia.

Moroni yenyewe ipe mchana mmoja. Msikiti wa Ijumaa wa zamani, wa mwaka 1427, uko bandarini kabisa na nguzo zake nyeupe, nyuma yake medina yenye vichochoro kama Mji Mkongwe. Kwenye makumbusho kuna gombessa, samaki ambaye wanasayansi waliamini alishatoweka mamilioni ya miaka iliyopita mpaka 1938 alipovuliwa Afrika Kusini, na 1952 akapatikana kisiwa jirani cha Anjouan, ambapo wavuvi walikuwa wanamjua siku zote na jina walishampa. Timu ya taifa inaitwa kwa jina la samaki huyo, ile iliyoifunga Ghana 3-2 kwenye AFCON!

Kula mataba, kisamvu chao cha nazi, na mkatra siniya ambao Mzanzibari akiuonja atajua ni mkate wa sinia. Kamba koche kwa mchuzi wa vanila ni ghali, agiza mara moja ila agiza.

Soko la Volo-Volo liache siku ya mwisho, nunua vanila, karafuu na mafuta ya langilangi. Vanila ishike kwanza, nzuri inapinda kama kamba na inaacha mafuta kidoleni, ikivunjika ni kavu, mrudishie. Ifunge kwenye karatasi halafu ndani ya mfuko, weka katikati ya nguo, ukifungua begi nyumbani utasikia mwenyewe.