Kupata PWM (upana wa wimbi la pulsi unaobadilika-badilika) ya Juno, sinthi ya zamani ya Roland, kwenye sinthi ya kompyuta
Maproducer wa Dom, hii nimeijaribu jana usiku geto Nkuhungu na hedifoni tu: kama sinthi yako haina PWM, chukua osileta mbili (vyanzo vya sauti ndani ya sinthi), zote mawimbi ya msumeno, moja igeuze fezi juu chini, halafu ipandishe pichi senti 2 au 3 tu (senti ni sehemu moja ya 100 ya nusu toni), pulsi inajitengeneza yenyewe na upana wake unatembea, aisee sauti za nyuzi zinapumua kabisa kama Juno-106 ya 1984. Ila mawimbi yakikutana sauti inakatika, so punguza volyumu ya moja kidogo. Kama PWM ipo, weka LFO (osileta ya kusukuma upana huo) ya pembetatu, polepole, upana kati ya asilimia 50 na 90, ukigusa 100 sauti inapotea. Efekti ya korasi (chorus) mwishoni, usiiache.