Kutengeneza kihisi cha amonia kwa oksidi ya grafini

Grafini safi, yaani utando wa kaboni wenye unene wa atomi moja, haifai sana kwa kihisi cha gesi. Umeme inaupitisha vizuri, ila molekuli za amonia hazipati pa kushika. Kinachotakiwa ni oksidi ya grafini iliyoondolewa oksijeni nusunusu: ipitishe umeme, na bado ibaki na oksijeni na kasoro za kunasa gesi. Ufundi wote uko katika kujua pa kukomea.

Chukua kibati cha seramiki ya alumina chenye elektrodi za dhahabu zilizopishana kama meno ya vitana viwili, nafasi kati ya meno ikiwa maikromita 100 hadi 200, eneo zima milimita 5 kwa 5. Plastiki ya PET haitahimili tanuri. Osha kwa asetoni, kisha ethanoli, kisha maji yaliyoondolewa ayoni. Usiguse meno, mafuta ya kidole hulifanya tone lijikunyate badala ya kutandaa.

Tawanya oksidi ya grafini katika maji, miligramu 0.5 kwa kila mililita, kwenye beseni la ultrasoniki kwa dakika 20 hadi 30. Maji ya beseni yakipata moto, yabadilishe. Usizidishe muda, kwani mawimbi hukatakata vipande, na vipande vikiwa vidogo umeme hulazimika kuvuka maungio mengi zaidi. Dondosha maikrolita 4 kwa pipeti. Hizo ni maikrogramu 2, yaani utando wa takriban nanomita 45 ukitandaa sawasawa. Kausha taratibu kwa nyuzi 40 za Selsiasi, chini ya kifuniko kilichoachwa wazi kidogo. Ukiharakisha, chembe hukimbilia ukingoni na kuacha pete nyeusi yenye kitovu kitupu, kama doa la chai lililokaukia mezani.

Ukipima ukinzani, yaani jinsi utando unavyouzuia umeme, multimita sasa itasoma mega-omu nyingi, au isisome kabisa. Ni kawaida.

Pitisha naitrojeni au agoni tanurini, pandisha joto nyuzi 2 kwa dakika hadi 200, shikilia saa moja, kisha acha ipoe gesi ikiendelea kupita. Usikimbize hatua hii: oksidi inapovunjika hutoa joto lake yenyewe, na mvuke na kaboni dioksidi vinavyofumuka kwa ghafla huubandua utando. Lenga kilo-omu chache hadi makumi kadhaa. Ikibaki mega-omu, rudisha kwa nusu saa. Ukipitiliza, utapata kihisi kilichotulia lakini kiziwi, na hakirekebishiki.

Unganisha kihisi mfululizo na kikinza (resista) cha omu 10,000 ili vigawane volti 5. Kihisi nacho kikiwa karibu na omu 10,000, badiliko la asilimia 1 huleta milivolti 12.5 tu. Kigeuzi cha biti 10, yaani kifaa kinachogeuza volti kuwa namba, kina hatua za milivolti 4.9, kwa hiyo utaona ngazi mbili na kelele. Tumia cha biti 16.

Amonia huongeza ukinzani, naitrojeni dioksidi huupunguza. Mwelekeo ukigeuka, shuku unyevu kwanza: pitisha hewa yenye unyevu bila amonia, uone kinavyojibu, na weka kipima unyevu kando yake daima. Amonia hung'ang'ania kwenye utando. Baada ya kila kipimo, pasha kibati nyuzi 60 hadi 80 katika hewa kavu mpaka usomaji urudi ulipoanzia.